Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Maji: Chura wa Kihansi Alihesabiwa, Kisima Chetu Hakijapimwa

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
na kwa Meneja wa huduma ya maji vijijini katika wilaya yetu.

YAH: OMBI LA KUPIMA BAKTERIA KATIKA MAJI YA KUNYWA YA KATA YETU

Ndugu Mwenyekiti,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa baiolojia. Naishi bonde la Kilombero, upande ambao asubuhi isiyo na ukungu safu yote ya Udzungwa huonekana wazi. Nimewaandikia barua tatu kabla ya hii. Ya kwanza niliileta mwenyewe ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili ilipitia kwa mtendaji wa kata. Ya tatu niliiambatanisha na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, na saini za akina mama wanaochota maji kwenye kisima cha shule. Sikujibiwa hata moja. Nilipofika ofisini kwenu mara ya mwisho kuulizia, mtumishi mmoja, kijana mwenye adabu tu, aliniambia: "Mwalimu, chura yule wa Kihansi ana wafadhili. Kisima chenu hakina."

Nimeitafakari kauli hiyo kwa wiki kadhaa. Nadhani kijana hakukusudia ubaya. Alisema kwa sauti kile ambacho watu wengi huku kwetu hukisema chini chini: kwamba chura alithaminiwa kuliko mtu. Mimi sikubaliani nao. Nimeona niandike hadharani kwa sababu mbili: ombi langu bado halijajibiwa, na kauli hiyo ikiachwa ikazoeleka itakuwa sababu ya kutofanya lolote.

Naomba kwanza nimweleze chura huyo, maana wengi wanaomlaumu hawamjui.

Chura wa Kihansi ni mdogo sana. Jike aliyekomaa hafiki sentimita tatu, na dume ni mdogo zaidi. Rangi yake ni ya manjano. Hatagi mayai majini kama vyura tuliowazoea mashambani mwa mpunga. Huzaa watoto hai, nao hutoka wakiwa vyura kamili, wadogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Wanasayansi walimkuta mwaka 1996, kwenye korongo ambako mto Kihansi unaporomoka kutoka Udzungwa kuja bondeni. Makazi yake ya asili, katika dunia nzima, hayakuzidi hekta mbili hivi. Mashamba ya baadhi ya majirani zangu ni makubwa kuliko hapo. Aliishi kwa manyunyu: maji yakipiga miamba yanarusha ukungu, ukungu unalowesha nyasi na majani mchana na usiku, naye anaishi humo.

Kisha mto ukahitajika kwa umeme. Kituo cha Kihansi kina uwezo wa megawati 180, na nchi ilikuwa na kiu ya umeme. Sina ugomvi na hilo, hata taa ninayoandikia inatoka kwenye gridi. Ila maji yalipoingizwa kwenye handaki la mitambo, sehemu kubwa kabisa ya mtiririko wa maporomoko, karibu asilimia 90, ilikatika. Manyunyu yakakatika pamoja nao. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ili angalau mbegu isipotee. Huku korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko. Yalifanya kazi: kufikia katikati ya mwaka 2003 vyura walikadiriwa kuwa takriban 20,000. Miezi michache baadaye wakaporomoka ghafla. Kuvu anayeshambulia ngozi za vyura alikutwa mle. Januari 2004 watafiti waliona watatu tu. Mwaka 2009 ikatangazwa rasmi kwamba porini hayupo tena. Mwaka 2010 vyura 100 wa kwanza wakarudishwa kwa ndege mpaka Dar es Salaam, wakalelewa Chuo Kikuu, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Ndugu Mwenyekiti, naomba muone jambo moja katika habari hiyo. Kila hatua ina hesabu. 499. Watatu. 100. Kuna mtu alipanda korongo, akainama kwenye nyasi zenye maji, akahesabu, akaandika, akarudi tena baada ya muda akahesabu upya. Ndiyo maana tunajua lini mambo yaliharibika. Bila hesabu ile, chura angetoweka kimya kimya na sisi tungeendelea kusema yupo.

Sasa nimweleze kiumbe wa pili, ambaye ndiye kiini cha barua yangu.

Anaitwa Escherichia coli. Vitabuni na maabara humwita kwa kifupi E. coli, nami nitafanya hivyo. Daktari wa watoto Theodor Escherich alimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1885, baada ya kumkuta kwenye vinyesi vya watoto wachanga. Ni bakteria mwenye umbo la kijiti, urefu wake kama sehemu mbili za milimita iliyogawanywa mara elfu. Haishi kwenye hekta mbili. Anaishi kwenye utumbo wangu, wako, wa ng'ombe, wa mbuzi, wa kila kiumbe mwenye damu moto. Akipata chakula na joto la kutosha hugawanyika kila dakika 20, kwa hiyo mmoja wa saa moja asubuhi anaweza kuwa zaidi ya milioni mbili ifikapo saa nane mchana. Wanafunzi wangu walikuwa wakishangilia nikiwaandikia hesabu hiyo ubaoni.

Wala si adui kwa asili. Walio wengi kati yao hawatudhuru, na wanatusaidia kupata vitamini K. Tangu mwaka 1978 wanasayansi wameweza kumtumia kutengeneza insulini ya binadamu. Katika viumbe vyote duniani, pengine hakuna aliyechunguzwa kuliko yeye. Ila zipo aina zake chache zinazoleta kuhara, hata kuhara damu na kuharibu figo za watoto.

Na bado hiyo siyo sababu kubwa ya kutaka ahesabiwe majini. Sababu kubwa ni hii: makazi yake ni utumbo. Akitoka nje na kuingia kwenye maji baridi ya kisima, kwa kawaida haongezeki. Anapungua na kufa baada ya muda. Kwa hiyo ukimkuta hai kwenye ndoo, umepata habari kwamba kinyesi kimeingia kwenye maji hayo, na kimeingia karibuni. Na pale kinyesi kilipopita, vijidudu vya homa ya matumbo, vya kipindupindu na vya kuhara damu vina njia ileile ya kupita. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka asipatikane hata mmoja katika mililita 100 za maji ya kunywa. Mililita 100 ni chini ya nusu ya kikombe cha chai.

Hao ndio viumbe wawili ambao mtumishi wenu aliwaweka kwenye mizani bila kujua. Mmoja ni adimu, mwingine tele. Mmoja anaonekana kwa macho, mwingine haonekani mpaka umwoteshe. Lakini wote wawili ni mashahidi wa maji. Chura alipotoweka alitueleza kwamba maji ya Kihansi yamebadilika. E. coli akitokea anatueleza kwamba maji ya kisima yamebadilika. Shahidi wa kwanza tulimsikiliza, ingawa kwa kuchelewa. Wa pili hajaitwa.

Malalamiko yetu ni haya:

1. Maji ya kisima cha shule, kile cha pampu ya mkono, hatujawahi kuonyeshwa majibu yake ya vipimo vya bakteria tangu kichimbwe. Siku ya kukabidhiwa tuliambiwa yamepimwa. Nilipoomba kuona karatasi, nilionyeshwa majibu ya chumvi, madini ya chuma na floridi. Hayo ni muhimu, nayashukuru. Lakini chumvi haimwambii mtu kama choo kinavuja.

2. Choo cha shimo cha shule kilijengwa baada ya kisima, upande wa juu wa mteremko. Mimi mwenyewe nimepima kwa hatua zangu umbali kati ya choo na kisima: hatua 22. Hata kwa hatua ndefu za kijana haifiki mita 30, umbali ambao mafundi wa maji huutaja kama wa chini. Udongo wetu ni wa kichanga, na wakati wa masika maji ya chini ya ardhi yanapanda mpaka mashimo ya vyoo yanajaa yenyewe. Sikuambiwa hili na mtu; kila nyumba huku inalijua. Zege linalozunguka pampu nalo limepasuka, na maji yanayomwagika yanarudi chini kupitia ufa, yamebeba kila kilichotoka kwenye miguu ya watoto na kwato za mbuzi. Nilileta picha za ufa huo kwenye barua ya pili. Wajukuu wangu wawili wanasoma hapo. Mwaka huu wote wawili waliharisha katika wiki moja, na mdogo alilazwa kituo cha afya akitundikiwa maji. Siwezi kusema kwa hakika kwamba ni kisima. Ndiyo hasa ninachokilalamikia: hakuna awezaye kusema, kwa kuwa hakuna aliyepima.

3. Mradi wa mserereko unaotoka mlimani hauna dawa. Tangi lipo, na sehemu ya kuwekea klorini ipo, lakini mlinzi wa tangi anasema hajawahi kuletewa klorini yenyewe. Chanzo kiko juu, ni kweli, ila siku hizi mifugo inafika huko.

4. Barua zetu hazijibiwi. Naliweka la mwisho, ingawa limeniuma kuliko yote.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa baadhi nimeshayapewa mdomoni. Naomba niyajibu mapema ili tusipoteze muda.

Mtasema maji yetu ni safi, yanang'aa. Ni kweli yanang'aa. Bakteria hao mamia wanaweza kuwemo kwenye glasi ya maji na wewe ukasoma gazeti kupitia glasi hiyo. Macho yanafaa kuhesabu vyura.

Mtasema bakteria wako kila mahali, hata tumboni mwa mwalimu mwenyewe. Nimeshasema hivyo hapo juu. Tumboni ndipo mahali pake, na kumkuta kwenye kisima maana yake kuna kilichomhamisha.

Mtasema wananchi wachemshe maji. Tunachemsha nyumbani, wale wenye kuni. Lakini mtoto wa darasa la pili akitoka kucheza mpira anainamia pampu na kunywa kwa kiganja. Na tukisema kila kaya ichemshe kila tone, kuni hizo zitatoka wapi kama si misitu ileile ya Udzungwa inayotuletea maji? Kuchemsha ni hatua ya dharura, na dharura haiwezi kuwa mpango wa miaka.

Mtasema maabara iko mbali, mkoani, na sampuli inaharibika njiani. Hili lina uzito na nalikubali nusu. Sampuli ya bakteria inatakiwa ikae kwenye baridi na ifike mapema, siku hiyohiyo. Lakini vipo vifaa vya kubebeka vinavyoingia kwenye sanduku moja la mkononi. Maji mililita 100 yanapitishwa kwenye chujio laini, chujio linawekwa kwenye chakula cha bakteria, kisha ndani ya kisanduku cha joto cha nyuzi 44 kinachotumia betri. Kesho yake madoa yaliyoota yanahesabiwa, na kila doa ni mmoja aliyekuwemo kwenye maji. Kijana wa kidato cha nne anaweza kufundishwa kuyahesabu. Niko tayari kumfundisha bila malipo.

Mtasema hakuna fedha, na hapa ndipo chura ataletwa tena. Ndugu Mwenyekiti, fedha za chura hazikutolewa kwenye mfuko wetu. Mto ulichukuliwa kwa ajili ya umeme, kiumbe akakaribia kufa, na waliohusika na mradi wakawajibika kugharamia kilichoharibika. Huo ni utaratibu mzuri: anayeyagusa maji anawajibika kwa wanaoyategemea. Ninachoomba ni utaratibu huohuo uendelee kushuka na mto mpaka kwetu. Anayechimba kisima na kukusanya shilingi kwa kila ndoo naye ameyagusa maji. Mkimtumia chura kama kisingizio mnawafundisha watoto wetu kumchukia kiumbe ambaye kosa lake ni kuzaliwa penye maporomoko. Nimewafundisha watoto kumpenda kwa miaka mingi. Nawaambia bado: mahali pekee duniani alikojaliwa kuishi porini ni kwenye mlima huu tunaouona tukifungua mlango.

Tena kuna jambo ambalo waliosimamia chura walilijua na linatufaa sana. Hawakusubiri kujua kila kitu ndipo waanze kuhesabu. Walihesabu kwanza, na namba ndizo zilizowaonyesha pa kuangalia. Sisi tunaambiwa tulete ushahidi kwamba maji ni mabaya ndipo yapimwe. Ushahidi huo utatoka wapi?

Kwa heshima zote, tunaomba yafuatayo:

Kwanza, vyanzo vyote vya maji ya kunywa katika kata yetu, yaani visima vya pampu, vilula vya mserereko na tangi, vipimwe E. coli kabla masika hayajaanza, na vipimwe tena masika yakiwa katikati. Kupima kiangazi peke yake hakutoshi, kwa kuwa kiangazi ndipo maji yanapokuwa na nafuu.

Pili, majibu yabandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, kwa Kiswahili, yakionyesha jina la kisima, tarehe na idadi iliyopatikana. Hakuna mtu awezaye kuogopa namba kuliko anavyoogopa kutojua. Namba ikiwa sifuri tutashangilia pamoja nanyi na nitaandika barua nyingine ya wazi ya kuwashukuru. Ikiwa kati ya 1 na 10, ikiwa mamia, tutajua tuanzie wapi, maana hatari hazilingani na hatua za kuchukua hazilingani.

Tatu, klorini ipelekwe kwenye tangi la mserereko na mlinzi afundishwe kupima kiwango kinachobaki. Miligramu 0.5 kwa lita, ikikaa na maji yasiyo na tope kwa nusu saa, inatosha kuwaua bakteria hawa. Si dawa ngeni, na si ghali kulinganisha na kumlaza mtoto.

Nne, zege la kisima cha shule lizibwe sasa, bila kusubiri kipimo chochote. Mchanga tunao. Mafundi wawili wamejitolea. Tunaomba mifuko ya saruji na mtaalamu wenu mmoja kwa siku moja. Kuhusu choo, tunaomba mje tukae na kamati ya shule tuone kama kitahamishwa choo au kisima.

Tano, tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Jibu la kukataa nalo ni jibu, kwani litatuwezesha kwenda ngazi ya juu tukiwa na karatasi mkononi.

Nakala ya barua hii nimeipeleka kwa mtendaji wa kata, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa mwalimu mkuu wa shule, na imebandikwa pia kwenye ubao wa kijiji ili waliotia saini waone kwamba saini zao hazikupotea.

Mtaalamu wenu akija, aje asubuhi mapema, kabla foleni ya ndoo haijaanza. Kufuli ya pampu ina funguo mbili, moja kwa mwalimu mkuu na moja kwangu. Nyumba yangu ni ya tatu ukitoka shuleni kuelekea mtoni. Nitamshikia chupa ya sampuli mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa baiolojia,
kwa niaba ya watumiaji wa kisima cha shule,
Bonde la Kilombero